Wanakulilia, Mzee

Mzee Muturi aliusimamisha mkanda kwa mara ya nne, akainama mbele ya televisheni hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huyu," alisema. "Huyu mama hapa. Mbona hapigi makofi?"

Sifuna alitua kikombe cha chai na kuangalia. Kwenye picha kulikuwa na watu kama mia tatu, uwanja mzima wa soko la Ndalu, na wote walikuwa wameinua mikono. Wote isipokuwa mama mmoja wa kitambaa cha kijani, safu ya tatu, aliyekunja mikono kifuani. Juu ya mapaja yake kulikuwa na pakiti ya mbegu ya mahindi iliyofunguliwa kona.

Mama huyo alikuwa Phelista, mama mzazi wa Sifuna.

"Unamjua?"

"Kwa sura tu, mzee."

Lo! Maneno yalimtoka upesi kuliko mtu anavyopiga chafya. Alimkana mama yake huku amekalia kochi la watu, mdomo umejaa mkate wa siagi. Alitaka kuyarudisha, akakosa pa kuanzia.

Bi Waruguru, mke wa Mzee Muturi, alikuwa anakusanya sahani. "Baba Kui," alisema, "watu mia tatu wamekupigia makofi, wewe unatafuta mmoja?"

"Hao mia tatu nimeshawaona," alijibu mumewe bila kugeuka.

Ndivyo alivyokuwa Hiram Muturi. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima, mwenye stoo tatu za mbegu na mbolea mjini Kitale na moja Bungoma, mtu ambaye akipita sokoni watu wanampisha njia. Mwezi wa tatu, mwaka huo wa 2006, aliwagawia watu wa Ndalu mbegu ya bure, na kila pakiti alikuwa ameibandika picha yake akitabasamu. Kila mkutano wake ulipigwa video. Usiku na mchana aliitazama mikanda hiyo, akiruka hotuba zake mwenyewe na kutafuta mahali pa makofi. Hapo ndipo alipokula na kushiba, kisha baada ya saa moja njaa ikamrudia.

"Enda Ndalu kesho," alimwambia Sifuna. "Ujue huyu mama ana shida gani na mimi. Na usikilize watu wanasemaje. Mimi nataka ukweli mtupu."

"Sawa, mzee."

Ukweli mtupu! Hata Ngige, karani aliyemtangulia Sifuna, aliombwa huo huo. Ngige akamwambia kwamba hotuba ilikuwa ndefu na watu walisinzia. Mzee hakumfokea. Alimshukuru, akamnunulia soda. Wiki iliyofuata Ngige alikuta meza yake imewekewa mtu mwingine, na sasa anauza mitumba karibu na stendi. Aliyewekewa meza ile ni Sifuna.

* * *

Shamba la Phelista lilikuwa jekundu mwanzo hadi mwisho. Pembeni, kwenye kijiti, alikuwa amechomeka ile pakiti tupu, kama wafanyavyo wakulima ili wakumbuke ni mbegu gani walipanda wapi. Kwa hiyo Mzee Muturi alikuwa pale, anatabasamu, anaangalia udongo mtupu.

"Habali ya Kitale, papa?" Phelista alimwita mwanawe kwa jina hilo tangu azaliwe. "Nasambu na watoto?"

"Wako wazuri, mayi."

Hakumkaribisha nyumbani. Alichuchumaa, akafukua kwa kidole. "Hapa nilitia mbili. Na hapa mbili." Akazinyanyua. Zilikuwa zimelainika kama maharage yaliyopikwa, na zilinuka. "Siku kumi na tatu. Mvua imenyesha vizuri. Angaria shamba rote hii."

"Labda zimechelewa tu."

"Zimechelewa kwenda wapi?" Phelista alijifuta mkono kwenye leso. "Siku ile nilipaka punje mate, nikasugua. Rangi yote ikabaki kwa mkono. Mbegu ya dukani rangi yake haitoki hivyo, papa. Hii ni mahindi ya kula, mtu ameipaka rangi. Nilipanda tu kwa kukosa ingine."

"Sasa mbona hukusema siku ile?"

"Ningesemea wapi? Wewe ndio ulikuwa umeshika kipaza sauti." Alimtazama. "Nilikunja mikono. Nilijua utaniona."

Sifuna hakuwa amemwona. Siku ile alikuwa anazunguka na kipaza sauti akisema, "Mwenyekiti! Makofi ya kilo! Ongezeni! Ongezeni bana!" na macho yake yote yalikuwa kwa Mzee Muturi, kuona kama yametosha.

Barasa, jirani wa boma la pili, alikuja akivuka mifereji na karatasi mkononi. Alikuwa mtu wa kufuatilia mambo. Zile punje hakuziamini tangu alipoziona mkononi mwa Phelista, na kabla ya kupanda alikuwa amepeleka mia moja kule Mabanga, kwa mwalimu wa kilimo aliyemfundisha zamani, azijaribu kwenye mchanga.

"Zimeota nane," alisema. "Soma mwenyewe. Ameandika na ametia sahihi."

Sifuna alisoma. Nane kwa mia.

"Sisi hatumlaumu mzee wako," Barasa aliendelea. "Pengine hata yeye aliuziwa na matapeli. Mwambie tu. Mvua iko na sisi mpaka mwisho wa mwezi. Akitupatia ingine wiki hii, ama wiki kesho, tunapanda tena na tunavuna. Ikipita hapo, hakuna."

"Nitamwambia."

"Leo?"

"Nikifika tu."

Phelista aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili na kumtia mwanawe mfukoni, mfuko wa shati, upande wa moyo, kisha akaupigapiga kwa kiganja kama alivyofanya zamani alipomtuma dukani na pesa.

* * *

Stoo kubwa ya Kitale ilinuka magunia na dawa ya mbegu. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mbegu halali ya kuuza, imepangwa hadi darini. Mzee Muturi alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka.

"Umeona Kiplimo?" aliuliza hata kabla ya salamu. "Amepita hapa sasa hivi. Hakunisalimia."

"Labda hakukuona, mzee."

"Ameniona. Mimi nimemkosea nini Kiplimo? Mwaka jana si nilimchangia karo ya mtoto? Nimemkosea nini?" Alishika nguzo ya mlango. Mtu mzima, tumbo mbele, saa ya dhahabu mkononi, na midomo inamcheza. "Wewe niambie. Ndalu wanasemaje?"

Sifuna alitia mkono mfukoni, vidole vikaigusa ile karatasi. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Mzee, kuna shida kidogo ya mbegu. Mzee, ile mbegu, pengine tuliuziwa vibaya. Lakini aliinua macho akakutana na macho ya mzee, na yalikuwa macho ya mtoto wa darasa la nane anayengoja kusomewa matokeo. Tena akamwona Ngige, na ile soda.

"Wanaku..." alianza. Ulimi ukatafuta pa kupita. "Wanakulilia, mzee."

Na neno lenyewe lilikuwa kweli! Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mtu aliyekosewa anakulilia, na mtu anayekupenda na kukutamani anakulilia vilevile. Sifuna aliliachia katikati, mzee aliokote upande anaoutaka.

"Wananililia?" Uso wa mzee ulifunguka wote. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Kila nyumba."

"Na yule mama?"

"Yeye ndiye analia zaidi."

"Kumbe!" Mzee Muturi alicheka, akampiga Sifuna begani. "Ndiyo maana hakupiga makofi. Mama wa watu alizidiwa! Na mimi nilikuwa nimekosa usingizi juu yake. Sasa waambie nitarudi. Mwezi wa sita, mahindi ikiwa kiunoni. Nitawachinjia fahali."

Sifuna alisimama pale akingoja aulizwe, wanalilia nini? Akiulizwa atasema, aliapa moyoni. Laiti angeulizwa mara moja tu. Mzee aliondoka akipiga mluzi.

* * *

Jumamosi Nasambu, mkewe Sifuna, alikuwa anafua nje ya nyumba yao ya kupanga, vyumba viwili. Aliingia na karatasi iliyolowa ameishika kwa ncha za vidole.

"Baba Nekesa, hii ni nini?"

"Ni ya kazi."

"Nimesoma. Imeandikwa Ndalu, imeandikwa nane kwa mia. Hiyo ni mbegu aliyopanda mayi?" Aliketi. Mahindi yaliyolisha nyumba ile yalitoka kwa Phelista, gunia kwa gunia, kila mavuno. Hakuna aliyehitaji kukumbushwa. "Mzee anajua?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nini hasa?"

Sifuna alifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Nilimwambia wanamlilia."

Nasambu akaanza kucheka, kicheko kibaya, mkono mdomoni. "Wanamlilia. Ati wanamlilia! Yeye akasema?"

"Alifurahi."

"Si angefurahi! Wewe ungekuwa unaumwa na nyoka, mtu aje aniambie mume wako anakuita, nami nijipake mafuta kwanza?" Kicheko kilikatika. "Rudi umwambie vizuri."

"Na akinifukuza? Kodi utalipa na nini? Ngige..."

"Wacha Ngige. Ngige analala usingizi wake."

Hilo lilimchoma. Jumatatu alichukua karatasi, sasa imekauka na kujikunja, akaenda. Mzee alikuwa Bungoma, kwenye stoo ya kule. Sifuna akamfuata Bungoma. Alimkuta amezungukwa na wazee wa kanisa, na kabla hajafungua kinywa mzee alimvuta mbele yao na kumkumbatia.

"Huyu ndiye kijana wangu! Huyu ndiye aliniletea habari kutoka Ndalu. Waambie, Sifuna. Si wananililia?"

Wazee wa kanisa walimgeukia wakitabasamu.

"Wanamlilia," alisema Sifuna.

Jioni Barasa alipiga simu. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Alisemaje?"

"Alisema atakuja."

"Mungu ambariki," alisema Barasa. "Basi tunamngoja. Mimi nilikuwa nataka kuuza mbuzi ninunue mbegu, sasa nitamwacha."

Hapo alikuwa na nafasi. Angesema, uza mbuzi, Barasa, uza leo. Maneno matano. Alisema, "Sawa, usiku mwema," kisha akabaki ameikodolea simu hata mwanga wake ukazima. Mwezi wa nne ukaisha. Ndalu walingoja, mvua ikanyeshea magugu.

* * *

Mwezi wa sita mahema yalisimamishwa sokoni, na fahali akachinjwa tangu asubuhi. Mzee Muturi alikuwa amekuja na barabara ya mbele, ambako watu wenye uwezo walipanda mbegu ya kununua, na mahindi yao kweli yalikuwa kiunoni. Aliyaona kupitia dirisha la gari akadhani ni yake.

Sifuna alitangaza kama kawaida, lakini sauti ilikuwa inakwaruza. Watu walikaa kimya. Walikuja kwa sababu ya nyama na kwa sababu bado walidhani kuna kitu ataleta. Mpiga video alizunguka akitafuta nyuso za kucheka.

Mzee alihutubia, akangoja mahali pa makofi, makofi yakatoka machache, kama matone ya mwisho ya mvua. Sifuna aliona shingo yake inaanza kutoa jasho. Alimjua. Alijua kwamba sasa atatafuta, na hataacha kutafuta mpaka apate.

"Watu wangu," Mzee Muturi alisema, "mimi nimekuja kwa sababu ya neno moja. Kijana wangu huyu, Sifuna, alirudi Kitale mwezi wa nne akaniambia, mzee, watu wa Ndalu wanakulilia. Ni kweli ama aliniongopea? Kama aliniongopea mseme hapa hapa, mbele yangu, nijue mtu ninayekaa naye."

Mtoto alikohoa mahali fulani. Barasa, safu ya mbele, alianza kuinuka, karatasi nyingine ya Mabanga mkononi. Sifuna alimwona, akaona midomo yake inafunguka.

Lakini aliyesimama kwanza alikuwa Phelista. Alimshika Barasa bega, akamkalisha. Alikuwa amevaa kile kitambaa cha kijani. Alimtazama mwanawe, si kwa muda mrefu, lakini Sifuna alielewa kwamba amesoma yote: neno, mwezi wa nne, hofu, karatasi.

"Ni kweri, mwenyekiti," alisema. "Huyu kijana hakudanganya. Tulikulilia. Tulilia sana. Hata usiku tulikuwa tunakulilia."

Kisha akaipachika kwapani ile pakiti ya picha, aliyokuja nayo kutoka shambani, na kuanza kupiga makofi. Peke yake, kwanza. Pa, pa, pa. Wanawake wenzake waligeuka kumwangalia, wakamwangalia Sifuna, wakajua. Ndalu watu wanajua nani ni mtoto wa nani. Mmoja akamfuata, na mwingine, mpaka uwanja mzima ukapiga, macho makavu, nyuso chini. Barasa peke yake alikaa, akairarua karatasi polepole.

Mzee Muturi alitoa kitambaa akajipangusa machozi.

Nyuma ya hema Sifuna alimkuta mama yake anafungasha vyombo. "Mayi," alisema. "Mayi, asante..."

"Usiniambie asante." Hakuinua kichwa. "Ulipokuwa mdogo nilikuchapa kwa sababu ya uongo wa sukari. Kijiko kimoja cha sukari. Leo nimesimama mbere ya watu wote, hawa wenye wanajua shamba yangu." Alifunga leso kiunoni. "Barasa hatanisalimia tena. Yeye angelima, papa. Alikuwa na mbuzi."

Kisha akamsukumia gunia dogo kwa mguu, nusu debe ya mahindi ya mwaka jana, ya mwisho. "Pelekea Nekesa."

Sifuna alikataa. Mama akasema, pelekea mtoto. Akalibeba.

* * *

Jumapili baada ya kanisa Mzee Muturi alimwita nyumbani kwake Milimani watazame mkanda mpya. Bi Waruguru alileta chai na mkate wa siagi. Sifuna hakugusa.

"Hapa, hapa!" Mzee alishika rimoti kwa mikono miwili. "Unamwona? Ni yule yule! Kitambaa kile kile! Mara ya kwanza alikunja mikono, sasa tazama."

Kwenye kioo Phelista alipiga makofi. Mzee akarudisha. Phelista akabana pakiti kwapani, akapiga tena. Akarudisha. Mara ya tatu, ya nne, ya tano mama yule alisimamishwa na kupigishwa makofi, naye hakuchoka, hakuweza kukataa. Sifuna aliona kitu ambacho hakukiona siku ile: kila alipopiga, macho yake hayakuwa kwa mwenyekiti. Yalikuwa pembeni, kwa mtu aliyeshika kipaza sauti.

"Huyu mama ananipenda," alisema Mzee Muturi. "Nataka nimtumie kitu. Anaitwa nani?"

"Phelista."

"Phelista nani?"

"Ni mama yangu, mzee."

Mzee aligeuka akicheka. Alipoona uso wa Sifuna, akaacha.

"Shamba lake halikuota," Sifuna alisema. Maneno sasa yalitoka yenyewe, yamechelewa miezi miwili na hayana haraka. "La Barasa halikuota. Mbegu ile ilikuwa mahindi ya kula, imepakwa rangi. Walinituma mwezi wa nne nikuambie, mvua ikiwa bado. Walikuwa wanalia. Ndicho walichokuwa wanalilia."

Bi Waruguru alisimama na birika mkononi. Kwenye kioo mkanda uliendelea, pa, pa, pa.

"Mbegu si iko stoo?" Mzee alisema polepole. "Magunia na magunia. Ungeniambia, ningewapelekea siku hiyo hiyo. Wangenipenda..." Aliishusha rimoti. "Kwa nini hukuniambia?"

Pengine ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomlaza Sifuna macho miaka mingi baadaye: kwamba pengine ilikuwa kweli, kwamba njaa ile ile aliyoiogopa ndiyo ingewaokoa, kama angeinyima chakula siku moja tu.

"Lakini si amepiga makofi?" Mzee alielekeza rimoti kwenye kioo, na sauti ilikuwa ndogo. "Kama haikuota, mbona amenipigia makofi?"

"Hakukupigia wewe, mzee. Alikuwa ananipigania mimi kazi."

Mzee Muturi aliketi. Kisha kidole kikabonyeza, picha ikaganda, akasogea karibu na kioo kama siku zote, pua mbele, akagusa uso wa mwanamke aliyesimama nyuma ya Phelista.

"Na huyu?" aliuliza. "Huyu naye?"

"Haikuota," alisema Sifuna.

Kidole kilisogea kwa mwingine. "Na huyu je?"

"Haikuota, mzee."

Walikwenda hivyo, uso kwa uso, safu ya tatu, safu ya nne, na Sifuna alimtaja kila mmoja kwa jina lake.